Nyumba ina jina lake? Tulia kwanza usome hapa

Juzi kuna dada kaniandikia inboksi, mume kamwambia nyumba ina jina lake, abebe nguo zake aende kwao, sasa anauliza kama kweli hana haki kwa vile hajawahi kuajiriwa. Mdogo wangu, maneno hayo hayo niliambiwa mimi, tena mbele ya mawifi wakiwa wanakula chakula nilichopika, na leo nina fungu langu kwenye ile nyumba ya Mbagala kwa hukumu ya mahakama. Kwa hiyo ngoja niseme.

Kesi ikiwa inaendelea, dada mmoja wa msaada wa kisheria alinisimulia habari za msomi anaitwa Eugene Cotran, mzaliwa wa Jerusalem. Huyu mtu miaka ya mwanzo ya 60 alikuja Kenya akawa anakaa na wazee wa kabila moja baada ya lingine anaandika mila zao za ndoa, mahari, talaka, urithi, na kitabu cha ndoa kikatoka 1968. (Wazee wenyewe wengi wanaume, mama zetu nani aliwauliza, haya tuyaache.) Kenya ilivyounda tume 1967 kutafuta sheria moja ya ndoa ya watu wote, wa kanisani, wa msikitini na wa kimila, naye akawemo. Sasa cheki vituko, Kenya wenyewe wakagoma, 1979 bungeni waheshimiwa wanalalamika eti mswada unawanyima haki ya kuwachapa wake zao! Sisi Tanzania tulishaichukua ile kazi ya tume mapema, ikatuzalia Sheria ya Ndoa ya 1971, na kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, mila iseme isemavyo. Kenya wakapata ya kwao 2014.

Kilichonibeba mimi ni cha 114, kwamba kwenye kugawana mali mahakama inaangalia mchango wa kila mtu, wa pesa, wa mali au wa kazi. Watu walibishana weee, kupika na kulea ni mchango gani, mpaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Jaji Mkuu Nyalali akasema ndio, kazi za nyumbani ni mchango. Ila Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, maana mumewe alishampa hela za mradi na mahakama ikaona kazitapanya.

Niliposikia hivyo nikakimbilia kabatini kutoa kaunta buku langu. Lina madoa ya mafuta ya maandazi kila ukurasa, lakini lina kila kitu, unga, faida, ada ya watoto, mifuko ya saruji, nondo, hela ya fundi, na tarehe zake. Baba watoto alilicheka pale mahakamani. Hakimu hakucheka, alikaa analifunua taratibu anauliza hii nini, na hii nini, na mimi najibu, na yule bwana kila nikijibu anazidi kuangalia viatu vyake. Bado inaniuma jinsi alivyocheka lakini.

Wanawake wenzangu andikeni. Hela ikipita mkononi andika, ukilipa fundi omba risiti, hata meseji za kutuma pesa usifute. Tunajaza simu picha za sherehe, risiti ya bati hatuna! Andikeni jamani.

Na wewe mdogo wangu wa inboksi, usibebe nguo. Anzia baraza la usuluhishi la ndoa, wakishindwa kuwapatanisha watakupa hati ya kusema wameshindwa, bila hiyo kesi ya talaka kwa kawaida haipokelewi. Akitaka kuuza nyumba mnayoishi, kifungu cha 59 cha Sheria hiyo hiyo ya Ndoa kinamzuia bila ridhaa yako, kama nyumba ina hati ya kiwanja nenda ofisi ya ardhi ukaweke zuio, kama haijapimwa peleka barua serikali ya mtaa na ubaki na kopi yenye muhuri, maana wanunuzi wengi huanzia kwa mwenyekiti. Nenda kesho asubuhi.