Maswali ya Wasomaji: Darubini Ndogo na Picha za Nebula

SWALI: Yaya, salamu kutoka Kamalondo. Mimi ni fundi wa simu, nina kamera ya Canon 600D niliyoipata mtumba. Nataka kupiga picha za nebula na galaksi. Shemeji yangu anarudi kutoka Afrika Kusini mwezi wa tano, amekubali kunibebea darubini. Dukani kuna mbili za bei karibu sawa: moja ya lenzi, milimita 60, nyingine ya kioo, milimita 130. Rafiki zangu wote wanasema nichukue kubwa. Nina dola 900 kwa kila kitu. Unasemaje?
*Msomaji wa Kamalondo, Lubumbashi*

JIBU: Mdogo wangu, chukua ndogo. Na mwambie shemeji asimalize pesa zako kwenye darubini, kwa sababu nusu yake au zaidi inatakiwa iende kwingine. Nitafika huko.

Mimi kazi yangu ni picha za harusi hapa Lubumbashi. Kamera inayopiga bibi harusi siku ya Jumamosi ndiyo niliyoifunga nyuma ya darubini ya lenzi ya milimita 60 nilipoijaribu wakati wa kiangazi, nje ya mji kwenye njia ya Kasenga. Urefu wake wa fokasi ni milimita 360; ukigawanya kwa upana wa 60 unapata 6, ndiyo tunaiandika f/6. Ninayokwambia ni niliyoyaona kwenye picha zangu.

Rafiki zako hawasemi uongo: kioo cha milimita 130 kinakusanya mwanga karibu mara 5 ya lenzi ya 60. Lakini nebula si nukta, ni wingu lililotandaa. Mwangaza wa wingu kwenye sensa unategemea ile namba ya f (ikiwa ndogo, wingu linang'aa zaidi), siyo upana wa darubini peke yake. Darubini hizo za 130 kwa kawaida ni f/5. Kati ya f/5 na f/6 tofauti ni kama mara 1.4 tu. Kwa faida hiyo utabeba bomba kubwa linalotikiswa na upepo, utasahihisha vioo vyake kila baada ya safari ya barabara zetu, na baadhi ya zile za bei nafuu zinagoma kabisa kutoa fokasi ukizifunga kamera. Ile ya 60 unaifunga, unalenga, unapiga.

Tena angalia inachokamata. Kwa kamera yako, milimita 360 inakupa eneo la anga la nyuzi 3.5 kwa 2.4, upana wa miezi mipevu 7 iliyopangwa mstari. Nebula za M8 na M20 zinaingia zote mbili kwenye picha moja na nafasi inabaki. Nebula ya Karina, ambayo Mfaransa Lacaille aliiandika mwaka 1752 alipokuwa Rasi ya Tumaini Jema, ina upana wa kama nyuzi 2: inakaa katikati vizuri kabisa. Kwa galaksi nitakuwa mkweli kwako. Galaksi nyingi zitatoka kama punje. Galaksi ya Andromeda ni kubwa, utaipata upande wa kaskazini kuanzia mwezi wa kumi mawingu yakiruhusu, na Mawingu ya Magellan, ambayo nayo ni galaksi, utayapata kusini. Lakini kama moyo wako uko kwenye galaksi ndogo za mbali, darubini hii si yako.

Sasa pesa. Anga linazunguka nyuzi 15 kwa saa. Kwa milimita 360 na kamera yako, nyota inasogea karibu pikseli 6 kila sekunde. Bila kichwa chenye mota, kile kinachokaa juu ya tripodi na kuizungusha kamera taratibu kufuata nyota, huwezi kufungua kamera hata sekunde moja nzima. Nikichagua kati ya darubini nzuri juu ya mota mbovu na darubini ya wastani juu ya mota nzuri, nachukua ya pili bila kufikiri mara mbili. Mwambie shemeji aulize dukani kichwa hicho kinabeba kilo ngapi, kisha wewe weka nusu ya kilo hizo tu.

Kwenye darubini yenyewe aulize kitu kimoja: kama lenzi ina kioo cha ED. Kioo cha kawaida hupinda mwanga wa buluu kuliko mwekundu, kwa hiyo rangi hazikutani mahali pamoja, na kila nyota nyeupe inavaa duara la zambarau. Kwa macho unaweza kulivumilia, kwa kamera halivumiliki. Kioo cha ED hupunguza sana tatizo hilo. Ukiona maandishi FPL-53, hicho ni kioo kizuri cha kampuni ya Ohara ya Japani. Pia aulizie lenzi ndogo ya nyuma inayonyoosha picha. Bila hiyo, katikati nyota zilikuwa nukta safi na kwenye kona zilivutika kama koma. Nilipoiweka, kona zikatulia. Lenzi nyingi za namna hii zinataka milimita 55 kutoka kwake hadi kwenye sensa, na Canon yako ikifungwa ringi yake ya T, ile inayoiunganisha na darubini, inatoa 55 hizo sawasawa: 44 za kamera na 11 za ringi.

Jambo jingine ambalo hutalikuta kwenye maelezo ya duka. Mwezi wa nane, saa tatu usiku, M8 inapita karibu juu kabisa ya utosi wetu. Hiyo ni baraka, maana hapo vumbi na hewa ni kidogo. Lakini darubini ikitazama juu hivyo, kamera inaning'inia chini kwa uzito wake wote na kuvuta bomba la fokasi. Kaza skrubu ya kufungia, kisha hakikisha fokasi upya, kwa nyota angavu kama Antares, kamera ikiwa imekuza picha mara 10. Mimi nilikata kifuniko cha Bahtinov kwa katoni na wembe: kinachora mistari mitatu kwenye nyota, na mstari wa katikati ukikaa katikati ya miwili mingine, fokasi imefika.

Sasa linalonigusa zaidi. Vitabu na maelekezo mengi yameandikwa na watu wa kaskazini. Vinasema: lenga mhimili wa kichwa chenye mota kwenye Polaris, nyota ya ncha ya kaskazini. Kwetu Polaris haichomozi hata siku moja. Ncha yetu, ile nukta ambayo anga linaizunguka, ni ya kusini, iko nyuzi 11.7 tu juu ya upeo, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu kuliko Polaris zaidi ya mara 20. Katika vumbi na moshi wa kiangazi huioni. Vijana wengi wanakata tamaa hapo wakidhani anga letu ni gumu, kumbe ni maelekezo ambayo hayakutufikiria.

Fanya hivi. Fika mahali pako kabla ya saa sita mchana; utamsalimia chifu wa kijiji na kumweleza shughuli yako, jambo ambalo ni lazima hata hivyo. Funga jiwe kwenye uzi, lining'inie. Mwezi wa sita na wa saba jua letu liko kaskazini, kwa hiyo kivuli cha uzi kikiwa kifupi kabisa kinaelekea kusini ya kweli. Kwa Lubumbashi ni kama saa sita na dakika 10 hadi 16, kwa sababu saa yetu inafuata longitudo 30 na sisi tuko kama 27.5. Chora mstari huo chini. Usiku simamisha tripodi juu yake, mhimili wa kichwa uelekee kusini, kipimo cha latitudo kiwe karibu 12.

Kisha rekebisha kwa nyota zenyewe. Lenga nyota iliyo juu, karibu na mstari wako wa kaskazini-kusini, na uitazame kwenye skrini dakika chache. Ikiteleza kwenda kaskazini au kusini, zungusha kichwa kidogo kushoto au kulia. Mtelezo ukizidi, rudi upande wa pili. Halafu lenga nyota iliyo chini mashariki ufanye vilevile, safari hii kwa kupandisha au kushusha kichwa. Mara ya kwanza itakula muda wako. Usiruke hatua hii.

Kuhusu kupigia mjini: unaweza kuanzia kwenye lupango lako, hapo uani kwenu, kwa Omega Sentauri, kundi la nyota kama milioni 10 lililo umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi. Mwezi wa sita saa mbili na nusu usiku linakuwa juu vizuri, na linavumilia taa za mji. Nebula zinataka giza, mbali na taa za migodi. Mimi napenda mwezi wa tano na wa sita kuliko wa nane, kabla moto wa pori haujajaza moshi. Vaa vizuri, baridi ya Katanga usiku unaijua, na betri zinaichukia kuliko sisi.

Piga sekunde 30 hadi 60 kwa ISO 1600, picha nyingi, kisha uziunganishe. Picha 100 zikiunganishwa, chembechembe za kelele zinapungua mara 10 kulinganisha na picha moja. Programu ya Siril ni ya bure na ina Kifaransa. Rangi nyekundu ya nebula haitatoka yote, kwa kuwa chujio lililo ndani ya kamera yako linazuia sehemu kubwa ya mwanga wa hidrojeni, lakini M8 na Karina zina nguvu, zitaonekana. Usifungue kamera kutoa chujio hilo mwaka wa kwanza, hata kama wewe ni fundi.

SWALI: Mkubwa, kichwa changu chenye mota hakishuki chini ya latitudo 15. Goma tuko nyuzi 1.7. Nimekinunua bure?
*Msomaji wa Himbi, Goma*

JIBU: Hapana. Nenda kwa seremala akukatie kabari ya mbao ngumu ya sentimita 20, upande mmoja uwe juu ya mwingine kwa karibu sentimita 4.7. Ikae kati ya tripodi na kichwa, upande mnene uwe kaskazini, na kipimo ukiache kwenye 15. Usiinamishe tripodi yenyewe, itaanguka na mali yako. Kusini kwenu ni ziwa, hakuna ukuta wala mti, na hilo wengi tunawaonea wivu.

SWALI: Sina pesa ya mota wala ya darubini. Nina kamera na lenzi ya milimita 50. Ningoje?
*Msomaji wa kike wa Ibanda, Bukavu*

JIBU: Mama, usingoje. Weka kamera juu ya tripodi, fungua lenzi f/2.8, sekunde 4, ISO 1600, piga picha mia mbili za kundi la nyota la Nge mwezi wa saba wakati mvua zimekwisha, uziunganishe kwa Siril. Kila baada ya picha 20 rudisha Antares katikati, maana anga linaondoka. Nitumie matokeo, yakiwa na fokasi nzuri tutayachapa hapa.