Usiunyanyue Mkaa Mara Mbili

Wiki hii nimeletewa ujumbe na kijana wa Wete anayefanya kazi kwenye yadi ya makaa ya mawe Mtwara. Bosi wao anataka dizeli ipungue na moshi upungue, naye anauliza wanunue mashine gani. Kaniuliza mimi, muuza mkaa wa kuni wa Unguja! Nimefurahi, sifichi. Wapo watu mjini hapa walioniona mwendawazimu.

Basi sikiliza mdogo wangu. Kabla ya mashine, hesabu makaa yananyanyuliwa mara ngapi.

Kwangu ilikuwa hivi. Polo, yaani gunia kubwa la mkaa, linashuka jahazini Malindi, bandarini hapa Unguja, linabwagwa chini. Kuli analipakia kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, linabwagwa tena bandani. Linamwagwa, linapimwa kwa ndoo, linatiwa virobani, na viroba vinarudi kwenye kirikuu kwenda madukani. Kila ukibwaga, unapata chenga. Tanuri la udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1 ya mkaa. Kwa hiyo zile chenga unazozifagia jioni ni mti uliokatwa na mafuta yaliyochomwa, na hakuna chungu kilichoiva.

Mshirika wangu wa wakati ule (simtaji, anajijua) hakutaka kusikia. Yeye alihesabu mapolo yaliyoingia na yaliyotoka, vumbi halimo. Nikamwambia tuwaombe wachoma mkaa kule bara waufunge kwenye viroba vidogo huko huko, sisi tuvipange juu ya chaga, tusimwage tena. Akanicheka mbele ya makuli, eti nimesoma sana. Tukagawana mali. Yeye akachukua gari, mimi nikaachiwa banda na lundo la vumbi. Gari halikuniuma. Kile kicheko ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Ya katikati nayaruka, yalikuwa madeni tu. Sasa viroba vyangu vinatoka jahazini moja kwa moja hadi dukani, bandani vinakaa vya akiba, na kirikuu haliondoki nusu tupu. Vumbi tunalichanganya na uji wa muhogo, tunalifinyanga, tunalianika juani. Linawaka taratibu na wachoma mishikaki wanaliulizia. Aliyenicheka naye hununua kwangu. Wallahi, sikumpandishia bei.

Turudi Mtwara. Makaa yenu yanatoka Ruvuma, zaidi ya kilomita 600 kwa lori. Lori likimwaga huku, kijiko (ile mashine ya kuchotea) kikahamishia kule, kisha kikachota tena kupeleka melini, mmechoma dizeli mara tatu kwa tani ile ile, na kila lita inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Mwagieni pale pale patakapopakiwa. Yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka, kwani makaa ya mawe yakikaa lundoni hupenywa na hewa, hupata joto, na huweza kuwaka yenyewe. Yashindilieni. Maji ya kutuliza vumbi yawe ya kiasi, yakizidi mtalipia kubeba maji. Na dereva akienda kunywa chai, injini izimwe!

Najua mtasema: muuza mkaa anatuhubiria moshi? Ndiyo, nahubiri. Mwaka 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034. Siupingi, kwangu tunapikia gesi, mke wangu hataki masizi. Lakini mkaa bado unashuka Malindi, na kwa maoni yangu anayeupoteza ana dhambi kubwa kuliko anayeuuza. Nyinyi vijana mnapenda mashine kwa sababu mashine inapigwa picha. Hakuna anayempiga picha mtu aliyepunguza kunyanyua, na ndiyo maana kazi hiyo haifanywi.

Chukua daftari, simama langoni tangu lori la kwanza, andika kila kijiko kinapochota na kinapomwaga. Ukimaliza niletee hiyo hesabu, hapo ndipo tutazungumza mashine.