Muulize Shangazi: Watoto tisa, uwanja mmoja, laki moja

*Shikamoo Shangazi. Naishi Sakina, Arusha, na mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka sita na mwingine mitatu. Kila Krismasi tunakwenda kwao Marangu. Mwaka jana nilimnunulia mwanangu mkubwa gari la rimoti, wale wengine nikawapelekea biskuti na pipi. Kufika saa nane mchana gari lilikuwa limezama mferejini, watoto wawili wameng'atana, na mama mkwe akaniuliza mbele ya watu, "Kwani hawa wengine ni wa jirani?" Nilitamani ardhi ipasuke. Mwaka huu watakuwa tisa: mmoja wa miezi kumi, watatu wa kati ya miaka miwili na minne, watano wa miaka mitano hadi tisa. Wifi yangu wa Dar es Salaam ameshatangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba wanawe anawaletea tableti. Mimi nina laki moja tu. Ninunue nini?*
*Mama wa Wawili, Sakina*

Marahaba mwanangu. Hilo la mferejini limenichekesha, unisamehe.

Mama mkwe wako alikosea mahali pa kusemea, lakini swali lake lilikuwa la haki. Ukishavuka geti la babu yao, hakuna tena mtoto wako na mtoto wa shemeji. Kuna watoto wa nyumba hiyo, basi.

Mimi nimekulia Kibosho, wajukuu kumi na wanne kwenye kihamba kimoja, yaani shamba la migomba la ukoo. Baba mdogo alikuwa anafanya kazi Tanga, na kila Desemba alipanda na jora moja la kitambaa. Fundi cherehani alishona kwa kukadiria kwa macho: gauni kwa wasichana, shati kwa wavulana. Tukiingia kanisani tulionekana kama kwaya iliyopotea njia. Mwaka mmoja kitambaa kilikuwa cha maua ya njano, kikaisha kabla fundi hajamaliza gauni la mwisho, akaunga mikono kwa kitambaa cha kijani alichokuwa nacho. Binamu yangu alilia misa nzima. Gauni lilikuwa jipya, limemkaa vizuri, na kwa kweli ile mikono ya kijani ilipendeza kuliko yetu. Lakini ilikuwa ya kijani. Leo ana wajukuu saba, na ukimtania kwa hilo gauni hakupi chai.

Wewe mwaka jana ulishona gauni nyingi za mikono ya kijani. Mtoto wa miaka mitano hajui gari la rimoti ni shilingi ngapi na biskuti ni shilingi ngapi. Anachojua ni kwamba yule amepata na mimi sijapata. Kwa hiyo kama una zawadi maalumu ya wanao, wape nyumbani kwenu Sakina, ama kabla hamjaondoka, ama mkirudi. Na ibaki hukohuko. Usiniambie "ataichezea chumbani tu." Hakuna chumba Marangu chenye mlango unaozuia binamu.

Sasa tuhesabu hiyo laki. Bei hizi nimeulizia mwenyewe sokoni Mbuyuni, hapa Moshi, wiki iliyopita, na muuzaji hakujua kama naandika gazetini. Kilombero ambako ni karibu na wewe hazitapishana sana, ila nenda kabla ya tarehe 20. Baada ya hapo wa Dar wanakuwa wameshafika, na kila muuzaji anakuangalia kama umeshuka kwenye basi sasa hivi.

Anza na kitu cha uwanja, kisicho cha mtu. Mpira wa miguu namba 4, elfu ishirini, pamoja na pampu na sindano yake, elfu tano. Watu wengi husahau pampu. Mpira unachomwa na mwiba wa ua au unapungua tu wenyewe, na tarehe 26 asubuhi wanaupiga teke kama wanapiga mto. Halafu ingia duka la vifaa vya ujenzi ukatiwe kamba ya manila mita tano, elfu tatu. Zile kamba za dukani zenye mishikio ya plastiki ni za mtoto mmoja kuruka peke yake. Hii ndefu wawili wanazungusha, watatu wanaingia, wengine wanahesabu na kugombana kwa sauti, na hata shangazi zao wakishakula watajaribu. Hapo umetumia elfu ishirini na nane na watoto wanane kati ya tisa wana cha kufanya.

Wale watano wakubwa, kila mmoja boksi la kalamu za rangi na daftari la kuchorea, kama elfu nne kwa mtoto. Elfu ishirini. Madaftari yawe na jalada la aina moja. Ya aina moja kabisa, umenisikia? Ukiona mawili yana picha ya simba na matatu ya twiga, rudisha. Hao watatu wa katikati, kila mmoja kindoo cha plastiki na koleo lake, elfu tano tano. Desemba udongo wa migombani bado una unyevu wa vuli, watapika pilau la matope hadi jioni na hakuna atakayekuuliza kitu. Mtoto wa miezi kumi mnunulie vikombe vya plastiki vya kupachikana, elfu tatu. Hata hivyo yeye atapenda zaidi mfuko vilivyokuja nao, kwa hiyo uuchukue mapema, maana mfuko wa nailoni usoni mwa mtoto si mchezo.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu una mtoto mdogo kati ya wakubwa, na kitu cha wakubwa lazima kitamfikia. Miaka miwili iliyopita mjukuu wangu aliletewa kuku wa kuimba. Kuku mzuri, ukimbonyeza mgongo anaimba. Siku ya pili hakuimba tena, na tulifurahi kupata utulivu. Mama yake ndiye aliyeona kifuniko cha tumboni kimefunguka na mtoto ana betri mkononi, ile ya duara kama kidonge, ya saa. Bado ilikuwa mkononi, tunamshukuru Mungu. Betri ile ikikwama kooni haihitaji kuvuja ili idhuru: mate yanatosha kuifanya itoe umeme, na umeme huo unaunguza nyama ya koo ndani ya saa mbili tu. Mtoto akiimeza, usimtapishe, usisubiri aitoe chooni kama shilingi. Hospitali, saa hiyohiyo. Ukinunua chochote chenye betri, angalia kifuniko chake kama kimefungwa kwa skrubu. Kama kinafunguka kwa ukucha, kiache.

Kwa vitu vingine vidogo, chukua kile kibomba cha karatasi kinachobaki tishu ya chooni ikiisha. Kitu kinachopita humo ndani hakifai mtoto wa chini ya miaka mitatu. Magurudumu ya kigari, macho ya mdoli, shanga, yote yapitishe humo. Kwenye maboksi mengi utaona pia kialama cha duara, uso wa mtoto na 0-3, mstari umekata katikati. Maana yake ndiyo hiyo, si kwamba ni zawadi ya watoto wa sifuri hadi tatu, kama alivyonieleza kijana mmoja wa dukani kwa kujiamini kabisa. Na mapulizo acha. Kipande cha pulizo lililopasuka kinaziba koo la mtoto, na pale uwanjani yatapasuka yote kabla ndafu haijakatwa.

Jumla umetumia elfu sitini na sita. Hiyo thelathini na nne iliyobaki, mnunulie mama mkwe kitenge. Sijasema umhonge. Nimesema kitenge.

Na kuna jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko orodha yote hii. Zawadi za watoto usigawe wewe. Weka kila kitu kwenye mfuko mmoja, ukifika mkabidhi mama mkwe jikoni, pembeni, umwambie, "Mama, hizi za wajukuu, utawapa ukiona inafaa." Mkirudi ibadani, kabla watu hawajakaa kula, atawaita mmoja mmoja kwa majina yao. Zitakuwa zimetoka kwa bibi. Hakuna mtoto atakayejua ni mama wa nani aliyenunua, na yule aliyekuuliza kuhusu watoto wa jirani ndiye atakuwa amesimama na mfuko mkononi.

Kuhusu wifi. Usimjibu kwenye kundi, hata kwa kale kauso kanakocheka. Mpigie simu usiku akiwa ametulia. Mtu anayetoka kazini Posta saa kumi na mbili na kufika nyumbani saa mbili usiku, watoto wameshalala, mara nyingi hununua kitu kikubwa kwa sababu hiyohiyo. Usimwambie tableti ni mbaya. Mwambie ulichopata mwaka jana, mferejini na yote, mcheke pamoja, halafu umwombe tableti zibaki kwenye begi mpaka warudi Dar. Kama ana mtoto wa chini ya miaka mitano unaweza kumwambia pia kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Lakini hilo liseme mwisho, na kwa sauti ndogo. Mawifi hawapendi kufundishwa.

Akikataa? Akikataa basi. Watoto wake watakaa kibarazani na tableti dakika arobaini, watasikia wenzao wanahesabu kwenye kamba, halafu utaona.

*Shangazi, mimi ni baba wa ubatizo wa mtoto wa miaka minne ambaye Januari anaanza chekechea. Nataka zawadi yake ya Krismasi iwe begi la shule na madaftari. Mke wangu anasema mtoto hatafurahi. Nani yuko sahihi?*
*Baba wa Ubatizo, Soweto, Moshi*

Mkeo. Begi la shule ni la Januari, na Januari inajulikana inakuja. Mtoto wa miaka minne ukimpa madaftari siku ya Noeli atakushukuru kwa sababu mama yake amemfinya.

Lakini usilirudishe dukani, kwa sababu wazazi wake wataliombea dua. Mpe mama yake pembeni. Mtoto mpelekee mpira, hata ule mwepesi wa plastiki, kisha ukae nusu saa umpigie. Wababa wa ubatizo wengi huleta bahasha, wanakunywa soda, wanaondoka.

Na begi liwe la kimo chake. Juzi pale Mnara wa Saa nimemwona mmoja begi linamgonga visigino, kwa nyuma huoni mtoto, unaona begi linatembea.