Lori likipoa kwenye silensa, shika mpira kabla ya spana

Mwaka wangu wa kwanza wa kufanya kazi bila kusimamiwa, nilibadilisha themostati ya lori moja (ile vali inayozuia maji ya injini yasiende rejeta mpaka yapate moto) mara mbili ndani ya wiki, na mara zote mbili likarudi na ugonjwa uleule. Dereva alisema akiliacha silensa, yaani linanguruma limesimama, mshale wa joto unashuka taratibu mpaka karibu na mwanzo wa geji, hita ya kebini inapuliza baridi, na egzosi inatoa moshi mweupe unaowasha macho. Akipakia mzigo na kupanda mlima, mshale unapanda vizuri tu.

Mara ya tatu fundi mkubwa aliniambia nifungue nyumba ya themostati niilete mezani. Akapitisha ukucha kwenye mfereji wa ndani. Ule mpira wa duara unaoikumbatia themostati maji yasipite pembeni ulikuwa umekauka na kumeguka upande mmoja. Themostati zangu zote mbili zilikuwa nzima. Maji yalikuwa yanapita kando yake.

Kwa hiyo nyinyi mnaoanza, lori la namna hii likiletwa, msikimbilie spana. Ulizeni kwanza kama kweli kuna ugonjwa. Injini ya dizeli ikiwa silensa, kwenye mizunguko 600 au 700 kwa dakika, inachoma mafuta kiduchu, lakini hewa inayovuta ni nyingi. Hewa hiyo ya ziada inaingia baridi na kutoka na joto kupitia egzosi. Chuma ni kikubwa, moto ni mdogo, na hita ya kebini nayo inachota chake. Ndiyo maana injini nzima kabisa hushuka joto kidogo ikikaa silensa siku ya baridi. Mimi, themostati ikiwa ya digrii 82, nikiona 76 baada ya nusu saa hita ikiwa wazi, naliacha lori liende zake. Ikifika 60, navua saa na kukunja mikono ya shati.

Lakini hiyo 60 nani kaisema? Geji nayo hudanganya. Njia ninayoipenda ni ya asubuhi: lori lililolala usiku kucha, injini haijawashwa, unachomeka mashine ya kupimia na kusoma joto la maji, la hewa inayoingia na la mafuta. Zote zinatakiwa zikaribiane. Moja ikiwa mbali na wenzake, umeshampata mshukiwa. Ikisoma hasi 40, ujue waya umekatika au soketi ya sensa imeachia; hakuna injini iliyoganda hapo. Halafu tazama kiwango cha maji, injini ikiwa ya baridi. Maji yakipungua, sensa hubaki hewani na kusoma chini huku chuma kinaungua. Nimewahi kukuta lori la "baridi" ambalo lilikuwa linaelekea kuunguza gasketi ya silinda hedi.

Ukitumia kipimajoto cha kulenga kwa mbali, usikilenge kwenye chuma kinachong'aa, kitakupa namba ya uongo. Bandika kipande cha utepe mweusi kwenye nyumba ya themostati, ulenge hapo.

Sasa mpira wa maji. Washa injini ikiwa ya baridi kabisa, halafu shika mpira unaotoka kwenye nyumba ya themostati kwenda juu ya rejeta, mbali na feni na mikanda, mikono ya shati imebana. Kama nafasi ni finyu, zima injini kila unapotaka kushika. Kwa dakika nyingi mpira huo unatakiwa ubaki baridi wakati injini inapata moto. Themostati ikifunguka, joto linakuja kwa mkupuo, unalisikia linapita chini ya kiganja. Lakini mpira ukianza kuwa vuguvugu tangu mwanzo, ukapanda sambamba na injini, maji yanavuja kwenda rejeta kabla ya wakati. Injini nyingine zina themostati upande wa maji yanayoingia, kwa hiyo fuata mabomba kwanza ujue uko wapi.

Wengi hukimbilia feni. Feni iliyong'ang'ania bila kuachia inakula mafuta na irekebishwe, lakini themostati ikifunga vizuri, feni inapoza rejeta ambayo maji yake hayaendi injini. Upepo wake utapunguza joto la chuma kidogo. Hautaishusha injini mpaka 60 peke yake.

Ukishaitoa themostati, ielekeze kwenye mwanga. Tundu dogo la kupitishia hewa ni la kawaida. Mwanga ukizunguka kingo za vali, si kawaida. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, uchemshe. Inaanza kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake. Kisha acha maji yapoe na uitazame ikifunga, maana nyingine hufunguka vizuri na kukwama zikirudi. Na injini nyingi za malori zina themostati mbili. Ukibadilisha moja umefanya nusu ya kazi.

Kuna malori utafungua ukute hamna kitu. Mtu aliitoa siku injini ilipochemka, akaona ametibu. Kwenye injini nyingi themostati ikifunguka huziba pia njia fupi inayorudisha maji injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na lori hilohilo litapoa likiwa silensa kisha lichemke mlimani.

Kompyuta ya injini ikitoa SPN 110 (namba ya joto la maji) na FMI 18 (namba ya aina ya hitilafu), inasema tu joto la maji liko chini. FMI 3 au 4 kwenye namba hiyohiyo inakupeleka kwenye waya na sensa.

Kabla hujakabidhi lori, chomoa stiki ya oili. Injini iliyonguruma ikiwa baridi muda mrefu huacha dizeli isiyoungua iteremke kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili. Kiwango kikiwa kimepanda bila mtu kuongeza, inuse. Ikinuka dizeli, mwaga yote.

Lile lori langu lilipona kwa ule mpira mpya wa duara. Tulilitoa hewa kwenye maji, tukaliacha silensa nusu saa hita ikiwa wazi, mshale ukatulia. Pesa ya themostati ya pili mwenye lori hakunilipa, na sikumdai.