Je, tulikosea kuwaonyesha vijana filamu ya Malkia Esta?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mlezi wa vijana kanisani. Tuliwaonyesha filamu ya Malkia Esta, na tangu siku hiyo mabinti hawana habari nyingine ila jinsi mfalme alivyompenda. Tulikosea?

JIBU: Amina, mpendwa. Kuwaonyesha si kosa, ila mliiachia filamu ifundishe peke yake. Watengenezaji wa filamu hupenda kuifanya habari hii ya mapenzi, na vijana wamepokea walichopewa.

Andiko lina neno gumu zaidi: Esta alichukuliwa (Esta 2:8). Amri ya mfalme Ahasuero wa Uajemi ilikusanya mabikira kutoka majimbo yake 127 na kuwaleta Shushani, kwenye jumba lake, wala hakuna aliyeulizwa kama anataka. Miezi 12 walipakwa manemane na manukato, kisha kila mmoja aliingia kwa mfalme jioni, na asubuhi akapelekwa kwenye nyumba ya masuria. Hakurudi tena mpaka mfalme apendezwe naye na kumwita kwa jina. Nasoma sura hii nikiwafikiria mabinti hao wengine ambao hata majina yao hatukuachiwa, na moyo unaniuma.

Ni kweli, 2:17 inasema mfalme alimpenda Esta kuliko wanawake wote. Silifichi hilo. Lakini fungua 4:11. Hamani, mkuu wa wakuu wa mfalme, ameshapeleka barua Wayahudi wote wauawe siku moja, tarehe 13 ya mwezi wa Adari, na Malkia Esta anamwambia Mordekai, ndugu yake aliyemlea, kwamba ana siku 30 hajaitwa kwa mfalme. Aingiaye bila kuitwa hufa, asiponyoshewa fimbo ya dhahabu. Vashti, malkia aliyemtangulia, aliondolewa kwa kukataa kuja alipoitwa. Esta anataka kwenda asipoitwa, awaombee Wayahudi wenzake! Ukimpa mume anayemwonea shauku kila siku, umeondoa hatari yote, na zile siku tatu za kufunga bila kula wala kunywa zinabaki hazina sababu. "Nami nikiangamia, na niangamie" ni maneno ya mtu anayeona kifo mlangoni.

Mkiionyesha tena, someni kwanza sura ya 2 na ya 4 kwa sauti. Esta anapofika kwenye ua wa ndani, simamisheni picha na muwaulize mabinti: hapa ana nini mkononi? Msiwajibie. Waacheni wakae na swali hilo kabla fimbo haijanyoshwa.