Kusoma Mashairi ya Kurt Cobain Bila Kumbambikia Kesi

Msikilizaji wa Dodoma akisikia mtu anaimba "mwezi umejaa, sufuria limelala", atadhani ni mapenzi. Mwezi, usiku, mtu kakosa hamu ya kula. Mtu wa Igombe au Kayenze, kwa wavuvi wa Ziwa Victoria huko Mwanza, hana haja ya kufikiri. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda, taa haiwavuti tena, na mitumbwi hulala ufukweni siku kadhaa mpaka mwezi upungue. Sufuria limelala kwa sababu nyumbani hakuna hela. Wala hakuna kilichofichwa hapo, ni kazi tu ambayo msikilizaji wa mbali haijui.

Kijana wa Kirumba au Nyegezi, jijini Mwanza, anayemsikiliza Kurt Cobain, mwimbaji na mtunzi wa bendi ya roki ya Nirvana, amekaa kwenye kiti cha yule wa Dodoma. Cobain alizaliwa tarehe 20 Februari 1967 Aberdeen, mji wa magogo na mbao katika jimbo la Washington, Marekani. Alijiua Seattle tarehe 5 Aprili 1994, akiwa na miaka 27. Tangu siku hiyo kosa moja linarudiwa: kila mstari wake unasomwa kama barua ya kuaga. Mtu anaanzia kwenye kifo, anarudi nyuma kwenye nyimbo akitafuta ushahidi, na bila shaka anaupata, maana ushahidi wa namna hiyo haukosekani kwa mtunzi yeyote. Huko ni kumbambikia marehemu kesi. Kuna njia yenye subira zaidi, na sehemu kubwa ya zana zake ulishafundishwa kwenye vipindi vya fasihi kidato cha tatu.

Kwanza hakikisha una maneno yenyewe. Cobain alikuwa akinung'unika kwenye beti na kupiga kelele kwenye kiitikio, na albamu ya Nevermind ilipotoka tarehe 24 Septemba 1991, kijitabu chake kilikuwa na vipande vipande tu vya mashairi. Maneno kamili ya albamu ile yalichapishwa mwaka 1992, pamoja na singo ya Lithium. Kwa hiyo wasikilizaji wa mwanzo walikuwa wanabahatisha, na mengi ya kubahatisha huko bado yanazunguka mtandaoni. Vaa spika za masikioni, sikiliza wimbo mara tatu bila kusoma chochote, na uandike unachokisikia. Usiposikia, acha nafasi. Kisha linganisha na matini mbili, siyo moja. Zinapotofautiana, weka alama pembeni, na usijenge tafsiri yoyote juu ya neno hilo. Tafsiri nyingi za ajabu zimesimama juu ya neno ambalo halikuimbwa.

Rekodi inayosaidia zaidi ni ile ya onyesho la MTV Unplugged, lililorekodiwa New York tarehe 18 Novemba 1993. Magitaa yametulia na sauti inasikika vizuri. Ila ina mtego wake. Kati ya nyimbo 14 za albamu hiyo, sita si za Cobain. Moja ni ya David Bowie, tatu ni za Meat Puppets, moja ilitoka kwa The Vaselines, na ile ya kufungia, ambayo watu hupenda kuiita kilio chake cha mwisho, ni wimbo wa jadi wa Wamarekani uliojulikana kupitia Lead Belly. Ukichambua huzuni ya wimbo ule kama siri ya maisha ya Cobain, umempa mashairi ya watu wengine. Kuchagua wimbo wa kuimba kunasema jambo kuhusu mwimbaji, hilo ni kweli. Lakini kuchagua si kutunga, na uzito wa ushahidi wake ni mdogo zaidi.

Ukishakuwa na maneno, yageuze kuwa nathari ya Kiswahili cha kawaida, mstari kwa mstari, bila kuremba. Chora safu nne kwenye daftari: mstari wenyewe, nathari yake, nani anaongea, na wimbo ni wa lini. Safu ya pili itakulazimisha kufanya maamuzi ambayo Kiingereza hakikulazimishi. Wao wana neno moja kwa "wewe" na "ninyi", na wewe lazima uchague kama anamsema mtu mmoja au umati. Upande wa pili, Kiswahili chetu kinafuta kitu: kiambishi "a" hakisemi kama ni mwanamke au mwanamume. Andika "yule msichana" pale mtunzi alipomtaja msichana. Usipofanya hivyo, wimbo kama Polly utakupotea mkononi.

Polly ndio wimbo wa kujifunzia. Mwaka 1987 msichana wa miaka 14 alitekwa Tacoma alipokuwa akitoka kwenye onyesho la muziki. Aliteswa, na mwishowe akafanikiwa kutoroka. Cobain aliisoma habari hiyo gazetini akatunga wimbo, na wimbo wote umewekwa kinywani mwa mtekaji. Hapa ndipo safu ya tatu inapookoa maisha ya tafsiri: nafsineni, yaani anayeongea ndani ya shairi, ni mhalifu, mtunzi ni mtu mwingine kabisa, tena mtu anayemchukia mhalifu huyo. Jina lenyewe pia lina kazi. Polly ni jina ambalo wenye Kiingereza humpa kasuku wa kufugwa, na wana usemi wao wa kasuku anayeomba biskuti. Mtekaji anamwita binti jina la ndege wa kwenye tundu, anayekula pale tu mwenye tundu anapopenda. Gitaa ni la taratibu, sauti haipandi hata mara moja, na utulivu huo ndio unaotisha. Ubeti wa mwisho mtekaji mwenyewe anashangazwa na silika ya kujiokoa ya mateka wake. Mtunzi yuko upande wa msichana, na amelisema hilo bila kumtoa mhalifu kwenye maikrofoni.

Mtu asipouliza nani anaongea, madhara yake hayaishii kwenye karatasi. Katika maelezo ya albamu ya Incesticide, iliyotoka Desemba 1992, Cobain aliandika kwa uchungu kuhusu wanaume wawili waliombaka msichana huku wakiimba maneno ya Polly.

Watu wa Usukumani hatuna udhuru wa kukosea hapa. Kwenye mashindano ya mbina, yaani ngoma za Kisukuma, makundi hasimu ya Bagika na Bagalu wanarushiana maneno mazito, mwimbaji anajitangaza kuwa mchawi, simba, mtu asiyekufa. Hakuna mzee wa Kisesa anayetoka uwanjani na kwenda kumshtaki kwa alichoimba. Tunajua "mimi" ya uwanjani ni vazi. Sikio hilohilo lipeleke Seattle.

Safu ya nne, ya tarehe, watu huiruka, na ndiyo inayoua uvumi mwingi. Andika wimbo ulirekodiwa lini, siyo albamu ilitoka lini. Polly ya kwenye Nevermind ilirekodiwa Aprili 1990 huko Madison, Wisconsin, na prodyuza Butch Vig. Nevermind ilishika namba moja kwenye chati ya Marekani Januari 1992. Kwa hiyo yeyote anayekuambia kuwa ndani ya Polly kuna malalamiko ya umaarufu, mwonyeshe tarehe tu. Na si kila jambo la ajabu ndani ya rekodi ni ishara. Kwenye Polly, baada ya mlio wa gitaa wa katikati, Cobain anaanza kuimba mapema, anakatisha, kisha anarudia mahali pake. Ni kosa. Walilipenda wakaliacha.

Halafu yako maneno ambayo ni dagaa na mbalamwezi vilevile, yaani elimu ya mahali. Hayo usiyaingilie kwa falsafa, tafuta tu maana yake. Smells Like Teen Spirit ilipata jina baada ya Kathleen Hanna, rafiki yake, kuandika ukutani kwamba Kurt ananuka Teen Spirit. Hiyo ilikuwa dawa ya kupaka kwapani, na Cobain hakulijua hilo, alidhani ni kaulimbiu ya mapinduzi. Jina hilo halimo hata ndani ya beti. Pennyroyal ni mmea wa jamii ya mnanaa uliotumiwa tangu zamani kutoa mimba, na ni sumu. Ukilijua hilo, chai inayotajwa kwenye wimbo wa Pennyroyal Tea inabadilika kabisa. Wimbo wa Scentless Apprentice unatoka kwenye riwaya ya Patrick Süskind kuhusu mtu aliyezaliwa bila harufu. Frances Farmer, ambaye jina lake limo kwenye jina la wimbo mwingine, alikuwa mwigizaji mzaliwa wa Seattle aliyefungiwa kwenye hospitali ya magonjwa ya akili. Lithiamu, iliyoupa jina wimbo wa Lithium, ni dawa wanayopewa watu ambao furaha na huzuni zao hupanda na kushuka kupita kiasi. Neno hilo nalo halimo kwenye beti, na Cobain alieleza kuwa wimbo ni wa mwanamume aliyefiwa na mpenzi wake, akaikamata dini ili asijiue. Somo la jina hapo ni jepesi kuliona: imani inatajwa kwa jina la dawa.

Something in the Way inahitaji tahadhari zaidi. Nafsineni anaishi chini ya daraja, na kwa miaka mingi ilisimuliwa kuwa Cobain mwenyewe alilala chini ya daraja la mto Wishkah mjini Aberdeen. Krist Novoselic, aliyepiga besi Nirvana na kukulia mji huohuo, alilikanusha jambo hilo. Alisema Kurt alikuwa akishinda pale, lakini hakuna anayeweza kuishi kwenye tope lile na maji yanapanda na kushuka. Mtu wa Mwanza anaweza kuipita hoja hiyo, kwa sababu ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa kuonekana kwa macho. Mtu wa Tanga ataielewa papo hapo. Wimbo haupungui thamani kwa kuwa daraja halikuwa kitanda. Upweke ni wa kweli, anwani ndiyo ya kubuni.

Tena usilazimishe mistari yote ishikane. Cobain alisema waziwazi kuwa mara nyingi aliunga mashairi kutoka vipande vya daftari zake, na baadhi aliyamalizia dakika za mwisho kabla ya kurekodi. Ukikuta mistari miwili inapingana, andika tu kuwa inapingana. Anayezungusha ufunguo mmoja kwenye kila mlango atavunja vitasa.

Kusikiliza wimbo kinyumenyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo, ili kutafuta ujumbe wa siri, tulimalize haraka. Mwaka 1990 bendi ya Judas Priest ilishtakiwa Reno, Nevada, kwa madai kwamba ujumbe uliofichwa ndani ya wimbo uliwasukuma vijana wawili kujipiga risasi. Bendi ilishinda. Wimbo wenyewe ulitungwa na bendi nyingine, Spooky Tooth. Sauti yoyote ukiigeuza, sikio litaipa maneno, na litatoa yale ambayo mwenye sikio aliambiwa ayasubiri.

Sasa swali gumu, ambalo mchambuzi mwaminifu halikwepi. Cobain alitaka kuipa albamu ya In Utero jina la kujichukia na kutaka kufa. Aliwaeleza waandishi kuwa ni mzaha, wa kuwajibu wanaomwona kama mtu wa kulalamika kila saa. Albamu ikatoka Septemba 1993 kwa jina jingine, na kabla ya miezi saba kutimia akawa amekufa. Je, ulikuwa mzaha? Kwa maoni yetu, kauli ya mtunzi ni ushahidi mmoja, si hukumu, na kifo chake pia si hukumu. Mtu anaweza kufanya mzaha juu ya kitu kinachomuuma kweli. Lakini tazama mambo ambayo hayakuhitaji kufumbuliwa: maumivu ya tumbo ya miaka mingi, heroini, kuzirai Roma Machi 1994 baada ya kumeza vidonge kupita kiasi, na mkewe pamoja na marafiki kumkalisha chini mwishoni mwa mwezi huohuo ili akubali kutibiwa. Walioogopa kwa ajili yake hawakuwa wakisoma beti. Walikuwa wakimwona.

Hilo lina matumizi nyumbani. Ukikuta daftari la mdogo wako, mwanao au mwanafunzi wako limejaa mashairi ya kufa, usianze na mashairi. Angalia anavyolala, anavyokula, kama amejitenga na wenzake, kama anagawa vitu anavyovipenda, kama anasema yeye ni mzigo. Kisha kaa naye peke yenu, labda pale kwenye mawe ya ziwani ambako hakuna anayewasikiliza, na umuulize kwa maneno yaliyonyooka: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, kwa wengi linawatua mzigo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za wadudu nyumbani, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kwa walio Mwanza, hospitali ya Bugando wana huduma ya afya ya akili. Kwa mtoto, namba 116 ya simu ya mtoto hupigwa bure.

Akisema hapana, na hali yake ya kila siku inaonyesha hivyo, basi una mtunzi ndani ya nyumba. Muulize nani anaongea kwenye ubeti wa pili, na daftari lake mrudishie.