Kwenda saa 8, kurudi saa 21?

Swali: Binti yangu anakwenda New York kusoma. Tiketi yasema anatoka Nairobi Jumanne 00:05, anafika siku hiyo hiyo 08:05. Kurudi anaondoka 12:30, anafika Nairobi kesho yake 09:30. Dalali aliyemkatia tiketi anasema ya kwenda ni "ekspresi", ndiyo maana ni ghali. Ni kweli? (Mama wa Kisauni, Mombasa)

Jibu: Hakuna ndege ya ekspresi, mama. Huyo amekuuzia tofauti ya saa.

Kila saa kwenye tiketi ni ya mji ule ule ulioandikwa kando yake. 00:05 ni ya Nairobi, 08:05 ni ya New York, ambako kuanzia Machi hadi Novemba wako nyuma yetu kwa saa 7, miezi mingine 8. Ongeza hizo 7: binti akitua huko, kwetu ni 15:05, saa tisa alasiri. Amekaa angani saa 15. Kurudi, toa 7 kwenye zile 21 zinazokutisha, zabaki 14. Umbali ni ule ule, kama kilomita 11,800. Saa moja inayopungua ni ya upepo wa juu uvumao toka magharibi. Mtu wa jahazi hahitaji kuelezwa: kwenda ni joshi, unaukabili upepo; kurudi upepo uko nyuma.

Hesabu hiyo ikikosewa haimuumizi mtu. Inayonikera ni hiyo 00:05. Mzee mmoja aliingia ofisini kwangu Jumanne jioni, koti begani, kuuliza atoke nyumbani saa ngapi. Ndege yake ilikuwa imeshaondoka tangu usiku uliopita. 00:05 ya Jumanne ni saa sita na dakika tano, usiku wa kuamkia Jumanne, kwa hiyo Jumatatu baada ya magharibi binti awe tayari yuko Nairobi. Wazee wetu waliohesabu siku kuanzia jua kuchwa wasingekosea hapa. Kwao huo ndio usiku wa Jumanne hasa. Sisi wa simu ndio tunaokosea.

Na atafikaje Nairobi? Hukunitajia, nami naogopa jibu, maana madalali hawa wa WhatsApp hupenda kukata tiketi mbili mbali mbali, ya Mombasa na ya ng'ambo, ili bei ionekane nafuu. Ndege ya Mombasa ni kama saa moja, basi wanakuachia saa mbili za kuunganisha na kukwambia zatosha. Hazitoshi. Kwa tiketi mbili, begi kwa kawaida unalichukua Nairobi, unabadilisha jengo, unapanga foleni upya, na kaunta hufungwa mapema kabla ya ndege kuondoka. Ya Mombasa ikichelewa, ya New York haina habari nawe: unaandikwa hukutokea, na mara nyingi tiketi ya kurudi nayo hufutwa. Ingekuwa tiketi moja, shirika ndilo lingetafuta ndege nyingine.

Mpigie dalali leo umuulize kama namba ya bukingi ya Mombasa na ya New York ni moja. Ikiwa ni mbili, binti apande treni ya asubuhi kutoka stesheni ya Miritini, Mombasa, Jumatatu. Inashukia Syokimau, si mbali na kiwanja. Atasubiri sana, lakini atasubiri akiwa Nairobi.